Sura ya Saba: Mkono Unaposimama Ghafla

Tarehe 10 Julai 1924, mjini Paris, mwanariadha wa Finland, Paavo Nurmi, aliingia kwenye fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Olimpiki akiwa ameshika saa ya kupimia mbio kiganjani. Mpinzani aliyemshughulisha zaidi siku ile alikuwa mshale wa saa. Aliutazama mara kwa mara akajua kama yuko mbele au nyuma ya mwendo aliojipangia, na ulipofika mzunguko wa mwisho akaitupa saa ile majanini, akamalizia mikono mitupu. Alishinda kwa dakika 3 na sekunde 53.6, na siku hiyohiyo akarudi uwanjani na kushinda mita 5,000. Saa yenyewe ilikuwa ya kutia ufunguo, yenye kamani na magurudumu ya meno, na ilitengenezwa kabla ya vile vikingio vya mishtuko vinavyopatikana leo hata ndani ya saa za bei nafuu. Ilitikiswa kwenye mkono wa mmoja wa wakimbiaji wenye kasi kuliko wote wa zama zake, na bado akaiamini kumwambia ukweli. Kama kulikuwa na dakika ya hatari kwa saa ile, haikuwa kwenye mbio. Ilikuwa pale ilipoondoka mkononi na kwenda kukutana na ardhi.

Tukio hilo linafaa kukumbukwa kila mtu anapouliza kama inafaa kufanya mazoezi na saa ya kamani mkononi, iwe ya kutiwa ufunguo kwa vidole au ile ya otomatiki inayojitia yenyewe kwa mwendo wa mkono. Majibu anayopewa huwa ya pande mbili. Wapo wanaosema ivue mara tu unapovaa raba, kwa kuwa ndani yake mna vitu laini kupindukia. Na wapo wanaosema saa ni chombo cha kazi, iliundwa ivaliwe, na anayeivua kila anapotoka jasho hajui alichonunua. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinauliza swali lisilo lake, kwa sababu zinaiuliza michezo kwa jina: mbio, tenisi, gofu, kuogelea. Saa haijui jina la mchezo. Inachokijua ni namna mkono unavyosimama. Mwendo, hata uwe wa kasi, saa ya kamani iliyo nzima huuvumilia. Kinachoiumiza ni kituo cha ghafla, pale mkono unapogonga kitu, au kitu ulichokishika kinapogonga kingine, na kasi yote ikakatika mara moja. Anayelishika hilo anaweza kujiamulia mwenyewe, hata kwa kazi ambazo hakuna kijitabu cha maelekezo kilichowahi kuzitaja, kama kulima kwa jembe au kuchanja kuni.

Ukifungua kifuniko cha nyuma cha saa ya namna hii na kuisogeza karibu na taa, utaona kigurudumu kinachokwenda na kurudi bila kutulia. Hilo ndilo gurudumu la mizani, na kazi yake ni kuigawa siku katika vipande vinavyolingana. Katikati yake imejiviringisha kamani ndogo, nyembamba kama unywele, inayolivuta lirudi kila linapokwenda. Katika saa nyingi za siku hizi hupiga mapigo 28,800 kwa saa, yaani 8 kila sekunde. Nyingine hupiga 21,600, na nyingi za zamani 18,000. Gurudumu hilo limebebwa na mhimili wa chuma unaoishia kwa ncha mbili, moja juu na moja chini, zilizochongwa hadi unene wa takriban sehemu ya kumi ya milimita, na mara nyingi chini ya hapo. Kila ncha imeingia katika tundu la kijiwe cha rubi, penye tone la mafuta ambalo jicho tupu hulitafuta. Wembamba huo ni wa makusudi. Ncha ikinenepeshwa, msuguano huongezeka, gurudumu huchoka, na saa hukosa usahihi. Fundi aliyeibuni saa alikubali udhaifu mahali pamoja ili apate usahihi kila mahali, na habari yote ya saa na michezo ni habari ya ncha hizo mbili.

Tupige hesabu kidogo, maana hapa namba zinasema waziwazi kuliko maneno. Mkimbiaji hupiga hatua kama 180 kwa dakika, na mkono wake mmoja hukamilisha kwenda na kurudi kwa kila hatua mbili, yaani mara 1.5 kwa sekunde. Tukikadiria kwamba kifundo cha mkono kinapepea sentimita 20 mbele na 20 nyuma ya katikati, mchapuko wake mkubwa kabisa hufika kama mara 2 ya ule wa kitu kinachoanguka chini, kipimo ambacho wanafizikia hukiita g. Ongeza mtikisiko wa miguu inapokanyaga, uwe mkarimu, sema g 5. Sasa linganisha na saa iliyoponyoka mkononi kutoka urefu wa mita 1. Inafika chini ikiwa na kasi ya mita 4.43 kwa sekunde, kasi ambayo mkono wa mtu anayerusha jiwe huipita bila taabu. Kinachoamua ni nafasi ambayo saa inapewa ya kusimama. Majani laini yakiipokea ndani ya sentimita 2, mchapuko huwa kama g 50. Sakafu ngumu ikiisimamisha ndani ya theluthi ya milimita, mchapuko huohuo hupanda hadi g 3,000. Tuseme gurudumu la mizani lina uzito wa miligramu 50. Kwenye mbio, ncha zake hubeba robo gramu. Kwenye sakafu ngumu, kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua, hubeba gramu 150, karibu uzito wa simu ya mkononi, juu ya chuma chenye unene wa unywele. Tofauti ni mara 600. Anayeyaweka mambo hayo mawili katika kapu moja kwa sababu yote ni “mtikisiko” anafananisha upepo na nyundo.

Mafundi walilijua tatizo hili zamani. Abraham-Louis Breguet, fundi aliyefanya kazi Paris, alibuni mwaka 1790 kile alichokiita parachuti: kijiwe cha kuegemea ncha kikapachikwa kwenye mkono wa chuma unaonesa, ili dharuba inapokuja kijiwe kisogee badala ya ncha kuvunjika. Wazo hilo lilikomaa mwaka 1934 kwa kifaa cha Incabloc, na Seiko wakawa na cha kwao wanachokiita Diashock. Ndani ya kifaa cha Incabloc kile kijiwe hakikukazwa kabisa mahali pake. Kimekaa ndani ya kikombe chenye kuta za mteremko, na juu yake kinakandamizwa na springi ndogo yenye umbo la kinubi. Saa ikigongwa, kikombe huteleza na kunyanyuka kama kifuniko cha sufuria kinavyonyanyuliwa na mvuke. Mhimili husogea pamoja nacho hadi sehemu yake nene igote kwenye ukuta wa chuma, na dharuba ikapokelewa na hiyo sehemu nene. Kisha springi hukirudisha kikombe katikati, na saa ikaendelea kama kwamba hakuna lililotokea. Ni kazi ya kupendeza sana kuitazama kwa kioo cha kukuza, na ndiyo sababu babu zetu walioanguka na baiskeli waliweza kuinuka na saa ingali inakwenda.

Hapo ndipo hutokea kosa la upande wa pili. Mtu husoma kwamba saa yake inahimili mishtuko, akaona sasa ana ruhusa ya kufanya lolote. Lakini kuhimili huko kuna maana maalumu. Kipimo cha kimataifa, ISO 1413, hutumia nyundo ya plastiki ngumu yenye uzito wa kilo 3, inayoipiga saa kwa kasi ya mita 4.43 kwa sekunde, ile kasi yetu ya kuanguka mita 1. Pigo moja hupigwa ubavuni, upande wenye namba 9, na jingine kwenye kioo. Saa ikiendelea kwenda, na mwendo wake usibadilike kwa zaidi ya sekunde 60 kwa siku, imefaulu. Mapigo ni mawili, si mia mbili. Kipimo hicho kiliwekwa kuiga ajali, yaani siku ambayo saa inakuponyoka bafuni. Mchezaji wa tenisi hukutana na mpira mamia ya mara katika pambano moja, na mpiga gofu huichota ardhi pamoja na mpira kwa makusudi kabisa. Kinga ya ajali ikigeuzwa kuwa kinga ya mazoea, tumeitwisha mzigo ambao haikuundiwa.

Kwa hiyo mstari naupitisha hivi. Kukimbia, kutembea kwa kasi, kupanda mlima kwa njia za kawaida, kuendesha baiskeli kwenye lami, kucheza dansi: vaa saa yako. Tenisi, gofu, ndondi, kriketi ukiwa na gongo mkononi, kupiga nyundo, kupasua kuni kwa shoka, kulima udongo mkavu wenye mawe, kunyanyua vyuma vya mazoezi vinavyoangukia kifundo cha mkono: ivue. Katika kundi hili la pili kuna jambo moja linalosahaulika, nalo ni mkono upi. Seremala anayepigilia misumari kwa mkono wa kulia huku saa iko kushoto hajaiweka katika hatari ileile, kwa sababu mkono wa kushoto umeshika tu. Akihamia kwenye shoka, analolishika kwa mikono miwili, hesabu imebadilika. Mpinzani anaweza kusema mstari huu hauko wazi kila mahali, na ni kweli. Mpira wa wavu uuweke wapi? Mkono unakutana na mpira, lakini mpira umejaa hewa na unabonyea, na kituo kinakuwa kirefu. Kwa kanuni ya kituo ningesema saa ingepona. Ila mchezaji wa wavu huanguka sakafuni kuokoa mpira, na sakafu haibonyei.

Pingamizi zito zaidi lina jina: Rafael Nadal. Kuanzia mwaka 2010 Mhispania huyu alicheza tenisi ya mashindano akiwa na saa ya kamani ya Richard Mille mkononi, na mwaka huohuo akatwaa ubingwa wa Ufaransa, Wimbledon na Marekani. Kama yeye anaweza, mbona mimi nisiweze? Jibu limo ndani ya saa yenyewe. Ile ya kwanza, RM 027, ilikuwa na uzito wa chini ya gramu 20 pamoja na mkanda wake. Baadhi ya matoleo yaliyofuata yalining'iniza mtambo mzima ndani ya kasha kwa nyaya nyembamba, na lile la mwaka 2020, RM 27-04, watengenezaji wake wanasema linahimili g 12,000. Maana yake ni kwamba wahandisi waliutazama mkono wa mchezaji, wakakubali kwamba tenisi inaua saa ya kawaida, na wakaunda nyingine kwa ajili hiyo, kwa bei ambayo wengi wetu tungejengea nyumba. Na hata hivyo Nadal, aliyecheza kwa mkono wa kushoto, aliivaa kulia. Ule mkono wa kulia uliingia kazini alipopiga kwa mikono miwili, lakini makombora yake makali zaidi yalitoka upande usio na saa. Kwa hiyo Nadal ni shahidi wa hoja hii, tena shahidi mzuri. Wazo hilohilo la kuuning'iniza mtambo lilikwisha fanya kazi mwaka 1983, pale mhandisi wa Casio, Kikuo Ibe, alipotoa G-Shock ya kwanza akilenga saa ya betri itakayopona ikianguka mita 10. Ikiwa mchezo wako ni wa kugonga na unataka kujua saa, saa ya namna hiyo ndiyo chaguo la busara, na hakuna aibu yoyote kwa mpenzi wa saa za kamani kulisema hilo.

Yuko pia anayesema amecheza gofu miaka mingi na saa yake ya kamani na haijawahi kusimama. Simwoni kuwa mwongo. Lakini ushuhuda wake unatoka kwa saa iliyosalia. Mwenye saa iliyokufa ameshaipeleka kwa fundi, ameshanunua nyingine, na haingii kwenye mazungumzo. Tena kusimama si dalili pekee ya kuumia. Skurubu hulegea kidogo kidogo. Kamani ya unywele inaweza kujikunja mizunguko yake ikagusana, na saa ikaanza kwenda mbele dakika kadhaa kwa siku. Ncha inaweza isikatike bali ibonyee, na hapo saa inakwenda vizuri ikilazwa kifudifudi na vibaya ikisimamishwa wima. Fundi mzoefu huigeuza saa mkao baada ya mkao akisikiliza mapigo yake kwa mashine, akayajua hayo yote bila kuambiwa mwenyewe anacheza nini. Mwaka 1931 kampuni ya Jaeger-LeCoultre ilitoa Reverso, saa inayogeuzwa uso ukaelekea chini, kwa ajili ya wachezaji wa polo wa jeshi la Uingereza huko India, ambao magongo yalikuwa yakiwavunjia vioo. Ulikuwa ufumbuzi mzuri wa tatizo linaloonekana. Ncha za gurudumu la mizani, nyuma ya chuma kile, ziliendelea kupokea dharuba zilezile.

Je, usahihi? Wapo wanaokubali kwamba mbio hazivunji saa lakini wanahofia zitaichanganya. Gurudumu la mizani limesawazishwa uzito pande zote, kwa hiyo kusukumwa mbele na nyuma hakuligeuzi; linachokisikia ni kule kifundo cha mkono kinapojisokota. Na hata tukichukulia kwamba wakati wa kukimbia saa inakosea kwa kiwango cha sekunde 30 kwa siku, ambacho ni kibaya, saa moja ya mazoezi itaongeza kosa la sekunde 1 na robo tu. Shirika la Uswisi la COSC huzipa cheti saa zinazokosea kati ya sekunde 4 nyuma na 6 mbele kwa siku, na sekunde 1 inamezwa humo bila mwenye saa kuigundua. Hofu nyingine, kwamba saa ya otomatiki itajitia ufunguo kupita kiasi na kukata kamani, haina msingi: mwisho wa kamani kuu umewekewa breki inayoteleza ndani ya pipa lake inapojaa. Sumaku ndiyo inayostahili hofu hiyo. Spika ya simu iliyofungwa mkononi, au kifuniko cha sumaku cha visikilizi, kikikaribiana na saa muda mrefu, huifanya ikimbie mbele kuliko mbio zozote.

Maji yanahitaji neno la kando, kwa kuwa huko kanuni ya kituo haitoshi. Mwaka 1927 mwogeleaji Mercedes Gleitze aliingia kwenye mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa akiwa na saa ya Rolex Oyster, na baada ya zaidi ya saa 10 katika maji baridi, ingawa hakufika ng'ambo, saa ilitoka inakwenda. Hata hivyo wapo wanaoogopa kwamba kupiga mikono majini huzidisha shinikizo mara nyingi. Mkono unaokata maji kwa mita 5 kwa sekunde, kasi kubwa kwa mwogeleaji, huongeza shinikizo linalolingana na kina cha mita 1.25 hivi. Kinachoingiza maji, mara nyingi, ni mpira mwembamba wa kuzibia uliozeeka na kukauka, au kile kifundo cha pembeni cha kutilia ufunguo ambacho hakikukazwa. Kwa hiyo saa iliyothibitishwa kwa kuogelea, na mipira yake ikapimwa na fundi, iogelee. Ile iliyoandikwa mita 30 iishie kwenye mvua na kunawa mikono. Baada ya bahari, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Jasho nalo ni maji ya chumvi, na katika joto la mwambao mkanda wa ngozi huoza kabla saa haijapata lolote. Mkanda wa kitambaa au mpira hugharimu kidogo.

Mkanda huohuo ndio unaoweza kuiharibu kanuni yangu kimyakimya. Saa ya mkanda wa chuma iliyolegea humgonga mkimbiaji kwenye mfupa kila hatua, na hapo mwendo laini umetengenezewa vituo vidogo vidogo. Kaza tundu moja kabla ya kuanza. Vivyo hivyo mitetemo ya muda mrefu, kama ya mashine ya kuvunjia zege au baiskeli inayoshuka mlima wa mawe, ni mlolongo wa vituo vifupi mno, na nisingeivalia saa ya kamani. Saa za kurithi, zilizotengenezwa kabla ya vikingio vya mishtuko kuenea, zina haki ya kupumzika kwa jambo lolote linalozidi matembezi. Na kuna mwili wa mwingine. Kanuni ya 4 ya mpira wa miguu inakataza mapambo ya kila aina, na mwamuzi hakagui mikono ya wachezaji kwa kuihurumia saa: chuma kwenye kifundo cha mkono kinaweza kumpasua mtu nyusi katika kugombea mpira wa juu.

Linabaki swali la pale inapovuliwa, ambalo wanaohimiza kuvua hawalizungumzi kabisa. Vidole vyenye jasho vinafungua kibano cha mkanda juu ya sakafu ya saruji ya chumba cha kubadilishia nguo, mita 1 na zaidi kutoka chini. Hiyo ndiyo g 3,000 tuliyoikokotoa, na zaidi. Mchezaji aliyeamua kuivua na aketi kwanza, mapaja yawe chini ya mikono, afungue taratibu, aitie ndani ya soksi, soksi aisukume hadi mwisho wa kiatu alichokuja nacho, na simu aiweke mfuko mwingine.